Karani Mwenye Kinywa Kikavu

Hakuwa na kimo. Hakuwa na nywele utosini, hakuwa na wazazi, hakuwa na ruhusa ya kunywa maji zaidi ya vikombe viwili kwa siku, na kubwa kuliko yote, hakuwa na figo hata moja iliyofanya kazi. Ndiyo maana asubuhi ile, posta imefurika watu hadi mlangoni, karani wetu alishindwa hata kulamba bahasha.

"Karani, mbona unalamba kama paka mgonjwa?" aliuliza mwanamke aliyesimama dirishani, gauni la kijani limemkaa sawasawa, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni.

"Mate yamekwisha, dada."

"Yamekwisha? Umegombana na wangapi leo?"

Foleni nzima ikacheka. Mwanamke akaivuta bahasha, akailamba mara moja, akaibana kwa kiganja. "Haya. Usiseme sikukusaidia kazi."

Kesho yake akarudi na barua nyingine. Wiki iliyofuata alileta tatu, zote za anwani ile ile.

"Unamwandikia nani kila siku?"

"Shangazi yangu."

"Anajibu?"

"Atajibuje? Hajui kusoma."

Hapo karani akaelewa, na masikio yakamwaka moto.

Mwanamke yule alikuwa fundi cherehani, na walipopendana karani hakumficha kitu. Shinikizo la damu alilolipuuza miaka mingi lilikuwa limezila figo zake kimyakimya, bila maumivu, mpaka miguu ilipovimba. Sasa siku tatu kwa wiki alilazwa kando ya mashine saa nne nzima, damu itoke, isafishwe, irudi. Fundi alisikiliza, kisha akaweka sikio kwenye mkono wa kushoto wa karani, pale madaktari walipounganisha mishipa kwa ajili ya mashine.

"Mpenzi, mkono wako unanguruma kama cherehani yangu!"

"Basi nishonee kitu."

"Nitakushonea. Na figo nitakupa. Ninazo mbili, moja inanitosha kukuvumilia."

Hakuwa anatania. Alikwenda kupimwa, damu zao zikapatana, karani akaanza kulala usingizi wa kweli. Lakini baada ya kipimo cha mwisho fundi alitoka chumba cha daktari macho mekundu.

"Vipimo vimekataa, mpenzi."

"Kwa nini?"

"Vimekataa tu. Usiniulize leo."

Karani ndiye aliyembembeleza. Dada yake mkubwa akapimwa, akafaa, akakubali bila maneno mengi. Siku ya kulazwa, fundi alileta shati la buluu, pana kiunoni.

"Figo mpya huwekwa hapa chini tumboni," alisema. "Hili halitasugua kidonda. Livae siku ya kutoka, si kabla."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya tano, karani akiwa kitandani, alimsikia nesi nyuma ya pazia akizungumza na mtu aliyekuja kujitolea figo. "Ukiogopa, tuambie sisi. Nyumbani tutasema vipimo vimekataa. Hakuna atakayejua."

Vipimo vimekataa. Maneno yale yale! Jioni simu ikalia.

"Mpenzi, umekojoa leo?" Fundi alikuwa akiuliza hivyo kila siku, kwa furaha ya mtu anayeuliza habari za mtoto mchanga.

"Nimekojoa. Ulikataa, siyo?"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Nijibu. Uliogopa kisu, ukaniacha nikufute machozi."

Fundi akasema polepole, "Shati umelivaa?"

"Silivai shati la mwoga."

"Basi, karani," sauti yake ilikuwa kavu, "kunywa maji." Akakata.

Karani alitoka hospitali na shati la zamani. Lile la buluu alilitupa chini ya kabati, likakaa miezi sita. Alikunywa dawa zake kwa saa, akanywa maji kwa jagi, akanenepa mashavu, na kila akimkumbuka fundi alijiambia ana haki.

Siku moja dada yake alikuja kumfanyia usafi. Akalikuta shati, akalikung'uta. "Wewe, hii karatasi ya mfukoni hukuiona?"

Ilikuwa majibu ya picha ya tumbo, yenye jina la fundi. Pembeni alikuwa ameandika kwa mkono: *Wamekuta nina figo moja tu, tangu kuzaliwa. Nilikuahidi kitu nisichokuwa nacho. Sikutaka uingie kwenye upasuaji ukinihofia mimi. Sasa umepona, nihofie kidogo.*

Dada akasoma juu ya bega lake. "Na wewe ulimwambia nini?"

Karani alipiga simu, haikupatikana. Alikimbia hadi kwenye duka la fundi, akakuta mshonaji mwingine. "Alirudi kwa shangazi yake," mshonaji alimwambia. "Ameolewa huko huko mwezi uliopita. Wewe nani?"

"Karani wa posta tu."

Anwani ya shangazi hakuhitaji kuitafuta. Aliigonga muhuri kwa mkono wake mwenyewe mara ngapi! Alikaa nyuma ya dirisha lake, akaandika:

*Fundi, nilikuita mwoga. Mwoga ni mimi, niliyeona heri kukutukana kuliko kukuuliza mara ya pili. Hiyo moja itunze, pima shinikizo la damu kila mwaka, usisubiri miguu ivimbe. Usinijibu.*

Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akailamba ukingo mzima. Mate yalikuwapo tele. Akaibana kwa kiganja kama alivyofundishwa, akaigonga muhuri, akaitumbukiza kwenye gunia la barua za siku hiyo.