Mbuzi Aliyekula Msitu wa Kabazi

Miaka ile, kabla sijapelekwa shule ya bweni kufundishwa adabu, kila asubuhi pale Kabazi ilianza kwa milio ya madebe. Mimi na jirani yangu, msichana aitwaye Wangu, tulishuka chemchemini, tukachota maji, tukayafikisha nyumbani, kisha tukakimbilia shuleni migongo ikiwa imelowa. Hadi leo nikisikia debe likigongwa, nahisi baridi ile mgongoni.

Wazazi wetu walikuwa wamehamia shamba la mlowezi aliyerudi kwao. Siku moja akaja mpima ardhi, Bwana Omolo, kutugawia.

"Ramani yangu inajua vilima," alisema, "lakini haiwajui ninyi. Tengenezeni yenu hapa chini."

Basi kikao kikafanyika uwanjani, kikihudhuriwa na wazee, akina mama, watoto, na mbuzi mmoja ambaye hakualikwa. Majivu yakawa barabara. Magunzi yakawa nyumba. Majani mabichi yakawa msitu wa kilimani, na kitambaa cha buluu cha mama yake Wangu kikawa chemchemi.

Mzee Waithaka, babu yake Wangu, aliweka gunzi lake katikati ya majani. "Mimi nataka hapa. Nitakata miti, nipande pareto."

"Lakini guka," Wangu alisema, "hiyo miti ndiyo inatunza chemchemi. Kule ng'ambo walikata, maji yakakauka."

"Wewe mtoto, ulisomea maji lini?"

Watu wakacheka. Wangu akainama, machozi yakimlenga.

Ndipo mheshimiwa mbuzi, mali ya Mzee Waithaka, alipoingia kikaoni bila kuomba ruhusa na kuutafuna msitu wote.

"Haki, mzee!" mama yake Wangu akapiga kelele. "Mbuzi wako ameshaanza kufyeka!"

Kicheko kilipopoa, Wangu alikuwa amepiga magoti. Alikikunja kitambaa polepole, akamrudishia mama yake. Kisha akatembea hadi nje kabisa ya ramani, akasimama.

"Miti imeisha, guka, na maji pia. Sasa nitachota mtoni, huku bondeni. Nikirudi, wenzangu watakuwa wametoka shule. Afadhali nisiende tena."

Safari hii hakucheka mtu. Mzee Waithaka alilitazama gunzi lake, limebaki peke yake mchangani. Akaliokota, akaliweka kando ya barabara.

"Bwana Omolo, nipimie hapa. Kule juu pawe petu sote, pasikatwe."

Wangu akachuma majani mengine, akaupanda msitu upya. Mama yake akatandaza kitambaa.

"Watoto," Bwana Omolo alituambia, "ardhi isipangwe na mtu mmoja. Waulizeni wote wanaoikanyaga, hata anayebeba debe."

Mbuzi alihukumiwa kufungwa kamba maisha yake yote. Hakukata rufaa. Nami nikirudi likizo, hushuka chemchemini kabla ya kusalimia mtu, nikanywa kwa viganja, chini ya miti ile ile.