Pembe ya Shuka la Mama

Ukumbi ulifurika mpaka watu wakakanyagana vidole. Wote walikuja kuona sanda: si ile yenyewe inayoaminiwa kumfunika Yesu, bali picha yake kubwa iliyojaa ukuta mzima. Kando yake palikuwa na meza ya sayansi. Hapo fundi wa vitambaa, mwanamke wa gauni jekundu chini ya koti jeupe, alichoma nyuzi kuonyesha tofauti ya pamba na kitani.

"Sasa dada, ukishaichoma, mtu ataamini nini?" aliuliza mwanamume mwenye madoa ya rangi kwenye kola.

"Ataamini macho yake."

"Macho yangu yananiambia wewe malaika. Nayo tuyachome?"

Fundi akacheka, na mwenye kucheka keshakwisha. Kumbe ndiye mchoraji wa zile nyuso za waumini zilizotundikwa mlangoni. Haukupita muda akawa anamwita "Daktari wa Matambara", naye anaitwa "mchafu wangu", na simu zao hazipoi.

Mapenzi, jamani, hayana kinga. Wageni walikuwa wameruhusiwa kuleta vitambaa vyao vikuukuu vichunguzwe pale mezani. Jumamosi moja ya msongamano, mchoraji alipitisha mfuko juu ya vichwa vya watu.

"Mpenzi, nakuachia huu, nakuja!"

Fundi akadhani kaleta cha kuchangamsha watu, akaupanga na mingine. Zamu ya mfuko huo ilipofika alifungua fundo, akatoa shuka jeupe lenye waa la manjano, akakata pembe yenye waa, akaiwasha. Watu wakapiga makofi. Mchoraji akaingia katikati ya makofi hayo.

"Umefanya nini?"

"Pamba tupu, mpenzi, tazama inavyo—"

"Mama yangu alikufa kajifunika hilo. Hapo ndipo ulipokuwa uso wake."

Akalikumbatia lililobaki, akaondoka.

Fundi alipiga simu mpaka sikio likamuuma. Ujumbe haukujibiwa. Mwisho akampigia dada yake mchoraji.

"Wifi, hata mimi hanisemeshi," alisema yule dada. "Hali, halali. Mfuko ule hatukuufungua tangu msiba. Aliogopa harufu ya mama itatoka."

"Mungu wangu! Nimemmaliza."

Alikwenda mbio hadi chumbani kwa mchoraji, akagonga, akagonga tena, majirani wakachungulia. Aibu ilikuwa imeshamtoka.

"Fungua! Nitukane, nifukuze, lakini usininyamazie. Nakufa, mwenzio!"

Mlango ukafunguka. Ndevu zilikuwa zimemjaa, macho mekundu.

"Kwa nini hukuniambia ni la mama?"

"Nilitaka ulipime kwa siri, uniambie kama waa lile ni yeye. Nachora waumini, na mimi mwenyewe nataka ushahidi. Niliona haya."

"Hakuna kipimo cha hivyo, mpenzi."

"Sasa najua." Akaketi sakafuni kama mzigo. "Nimelinusa. Halina kitu. Moshi tu."

Fundi alibaki mlangoni, hathubutu kumgusa. Alijua neno alilonalo laweza kumfukuzisha kabisa.

"Mimi nilimnusa," akasema.

Mchoraji akainua kichwa.

"Nguo kuukuu tunaianza kwa pua, mkasi baadaye. Lilinukia sabuni ya kufulia. Na karafuu, kali, kama ya mtu anayeitafuna."

"Jino," akanong'ona. "Lilimtesa mpaka siku ya mwisho." Akajiinamia, akalia kwa sauti kama mtoto, kilio alichokibana tangu mazikoni. Fundi naye akalia pale pale kizingitini.

"Nakuchukia," alisema mchoraji alipopata pumzi.

"Nichukie. Ila nichukie nikiwa hapa."

Mchoraji akajisogeza, akampisha nafasi ukutani.

"Karafuu," akasema. "Na nini tena?"