Mashine Ilisema Ni Wapenzi

"Huyu mwanaume ni nani?"

Nzomo alisukuma simu mezani hadi ikagonga kikombe cha Munyiva. Watu waliokuwa wakinywa chai pale Adams Arcade wakageuka.

Munyiva akatazama picha. Ilikuwa ya Jumanne, kwenye jengo la maduka mjini ambako Nzomo huchunga kamera. Humo yeye amemshika mwanamume mrefu mkono, kichwa amekilaza begani kwake. Mashine imewachorea kisanduku chekundu: WAPENZI, ASILIMIA 94.

"Kumbe unanipiga picha?"

"Sio mimi. Mashine inasoma watu wote wanaopita. Nani yuko karibu na nani, nani anamgusa nani, hatua zinalingana ama hazilingani. Haina wivu, Munyiva. Haidanganyi."

"Na ukaiamini."

"Jumamosi watu wetu wanaleta mbuzi wa ntheo kwenu. Wakishaliwa, wewe ni mke wangu. Nijibu, ama mbuzi wabaki Machakos!"

Munyiva akaweka kidole kwenye picha.

"Huyo ni Mwangangi. Mume wa marehemu dada yangu."

Nzomo akaivuta simu kwake.

"Tulitoka kuchagua jiwe la kaburi la Kavutha. Kufika kwa ngazi, miguu ikamkataa. Nikamshika, tukalia wote wawili. Hicho kisanduku chenu kinajua kilio?"

"Ningejuaje? Sijawahi kumuona."

"Ungemuona mazishini. Nani alinitumia meseji, 'Pole mpenzi, kazi imebana, nitakuja siku nyingine'? Kavutha angezikwa mara ngapi, Nzomo?"

"Nimekosea. Ni hasira tu, mpenzi..."

"Ngoja. Jumapili tulipita hapo hapo, mimi na wewe. Wewe mbele na simu, mimi nyuma na mifuko. Sisi ilitusoma vipi?"

"Wachana na hiyo."

"Fungua."

Akafungua shingo upande. Visanduku viwili vya kijivu, kila kimoja kivyake. HAWAJUANI.

"Hapo imekosea, haki ya Mungu!"

"Saa hii imeanza kudanganya?"

Nzomo alinyoosha mkono amshike. Munyiva akautoa wake mezani, akapiga simu.

"Mjomba, ni Munyiva. Zile sufuria tulizoazima za Jumamosi, zirudishe kanisani. Hakuna wageni."

Akasikiliza kidogo, macho kwa Nzomo.

"Hapana, Mjomba, hakuna mwingine aliyekufa. Zirudishe tu."