Dada Asiyetaka Dirisha

Haya hayakunikuta mimi, yalimkuta rafiki yangu, dalali wa nyumba. Haweki majina ya wateja wake kwenye simu. Huwaandika kwa kile wanachotafuta. Yumo Baba Vyumba Vitatu, yumo Shangazi Ghorofa ya Chini. Na alikuwemo Dada Asiyetaka Dirisha, ambaye hakuwahi kumwona kwa macho, ila kila siku dada huyo alimpigia: "Kaka, bado tu?"

Mchana mmoja akakabidhiwa nyumba tupu yenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Akampigia pale pale sebuleni, roho kwatu. Simu ikaanza kuita nyuma ya mlango wa kile chumba.

Akausukuma. Giza totoro, harufu ya saruji, hakuna mtu. Mlio ukakatika, na sauti ikamwambia sikioni, taratibu: "Kinanifaa, kaka. Ahsante."

Alitoka mbio, akaifuta ile namba pamoja na jina lake. Lakini mwenye nyumba ni baba mkwe wake, na baba mkwe utamwambiaje mambo ya mauzauza? "Lete wapangaji," mzee alisema, basi.

Jana akawapeleka mama mmoja na mumewe. Dalali mwenyewe alibaki barazani. Yule mama alichungulia chumba cha nyuma, akarudisha mlango polepole, akatoka amenuna.

"Kaka, si ungetuambia kuna mtu hajahama? Nimemkuta maskini amekaa gizani, anapiga simu."

Kabla dalali hajajibu, simu yake ikaita mfukoni. Akaitoa. Kwenye kioo lilikuwepo jina alilokwisha kulifuta.