Mfinyanzi Hagongi Chungu Chake

Kila Jumamosi asubuhi Damari humsaidia mama yake kupanga vyungu katika soko la Lyulilo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Mitumbwi ikishashusha mizigo, soko zima huanza kulia. Ngi! Ngi! Ni wateja wanaogonga vyungu kwa vifundo vya vidole. Chungu kizima hulia vizuri. Chenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa, na hapo maneno matamu ya muuzaji hayasaidii kitu.

Mama yake Damari, Naomi, alikuwa na msimamo wake. Hakugonga mbele ya mteja chungu alichofinyanga mwenyewe, wala hakumruhusu binti yake akigonge. Mteja asiyejua kusikiliza aliitiwa jirani yao, Mama Noah, mwanamke asiyemwogopa mtu wala asiyepunguza maneno.

"Hiki kina ufa," Mama Noah akisema, Naomi alikiweka kando bila kununa.

Damari alidhani hayo ni mambo ya wazee tu. Yeye alikuwa kidato cha kwanza, na fahari yake ilikuwa klabu ya kompyuta ya Mwalimu Lameck. Huko wanafunzi walijifunza kuandika katika ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha. Klabu yao ilikuwa imeandika makala kuhusu vyungu vya mwambao wa Ziwa Nyasa, na Damari alitembea shuleni kichwa juu.

Jumapili moja dada yake, Veronika, alikuja nyumbani kutoka mjini Kyela akiwa mnyonge. Veronika aliuza katika duka la vyungu la Bwana Eliya, mtaa wa Mbugani, na mshahara wake ndio uliomweka Damari shuleni.

"Mdogo wangu, nyie mmeandika nini huko?" aliuliza walipobaki wawili. "Mmesema vyungu vya maduka ya mjini hupakwa rangi ya mafuta, kwa hiyo havifai kupikia. Mteja amesoma kwenye simu, akageuka mlangoni. Bosi amesema sentensi hiyo isipoondoka, nitaondoka mimi."

Damari alishtuka. Sentensi ile aliiandika mwenzake, Jubilate. Hata hivyo, dada asiye na kazi ni ada isiyolipwa. Siku iliyofuata, klabu ilipokutana, aliingia kwa akaunti yake, akaifuta. Kwa kuwa mkono ulishaanza, akaongeza na sifa: "Duka la Bwana Eliya huuza vyungu bora kuliko maduka yote, vinavyofaa kwa kila kazi." Mahali pa kueleza sababu aliandika, "Nimesahihisha makosa." Kisha alifunga kompyuta akaenda zake.

Alhamisi Mwalimu Lameck aliwaita wanaklabu mbele ya kompyuta moja. Mhariri mmoja asiyewafahamu, kutoka mkoa mwingine, alikuwa ameirudisha sentensi na kuifuta sifa. Chini aliacha swali: "Damari, je, una uhusiano wowote na duka hili?"

"Ni kweli una uhusiano nalo?" mwalimu aliuliza kwa utulivu.

"Hapana, mwalimu," Damari alijibu upesi.

Jubilate alimtazama. Alimjua Veronika, na duka alilijua, lakini hakusema neno. Ukimya ule ulimuuma Damari kuliko kuchongewa.

Jumamosi Veronika alikuja sokoni kuchukua mzigo wa duka. Damari hakuweza kuvumilia tena. Alimweleza mama yake kila kitu, hadi uongo aliomwambia mwalimu, huku dada mtu akiinamisha kichwa.

"Lakini mama, sentensi yenyewe haikuwa sawa!" Damari alijitetea. "Dukani kwa dada kuna vyungu visivyopakwa rangi pia."

Naomi hakugomba. Aliokota chungu kutoka vile vilivyowekwa kando, akakigonga upande mmoja. Ngi! Kililia vizuri kabisa. Akakizungusha kidogo, akakigonga tena. Safari hii sauti ilikuwa nzito, imekufa.

"Kina ufa," alisema Naomi. "Mimi ndiye niliyekifinyanga, kwa hiyo najua pa kukigonga ili kilie. Mkono wangu ukiona shida ya nyumbani, utagonga palepale, hata mimi nisipotaka. Ndiyo maana namwita Mama Noah."

Damari alikitazama kile chungu. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Sasa tunyamaze, nifukuzwe?" Veronika aliuliza, machozi yakimlenga.

"Nani kasema mnyamaze? Mimi nawaambia wateja kwamba chungu ni changu na bei ni hii. Semeni, lakini semeni ninyi ni nani. Kugonga agonge mwingine."

Jumatatu Damari alimfuata Mwalimu Lameck kabla ya vipindi, akakiri uongo wake, na klabu ilipokutana akaomba radhi mbele ya wote. Mwalimu alimwondoa katika kuhariri makala ile. Kisha akamwelekeza Veronika, kwa simu, jinsi ya kuandika katika ukurasa wa majadiliano, na Veronika akaandika: "Mimi ni mwajiriwa wa duka la vyungu mjini Kyela. Si vyungu vyote vya mjini vilivyopakwa rangi. Naomba wengine wachunguze, warekebishe."

Jubilate na mwenzake Lugano walizunguka madukani, wakapiga picha. Wahariri wengine walizitazama, wakajadiliana, kisha sentensi ikasomeka hivi: "Baadhi ya vyungu hupakwa rangi ya mafuta kwa mapambo, hivyo havifai kupikia." Onyo lilibaki. Kosa liliondoka. Bwana Eliya alinung'unika kuhusu sifa zake zilizofutwa, lakini alivitenga vyungu vya kupikia kwenye rafu yake, na Veronika akabaki kazini.

"Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake," Mwalimu Lameck aliwaambia wanaklabu. "Anayelipwa na duka anaweza kusema kweli kuhusu duka hilo. Veronika amesema kweli. Ila msomaji ana haki ya kujua nani anasema, na uamuzi uachiwe wasiokula hapo. Ukificha hilo, hata ukweli wako utafanana na uongo."

Jumamosi iliyofuata mwanamke mmoja kutoka Kasumulu alichagua chungu kikubwa, akamgeukia Damari.

"Binti, hebu nigongee, mimi sijui kusikiliza."

"Hicho ni cha mama yangu," Damari alisema, akainuka kumwamkia na kumwita jirani kwa Kinyakyusa. "Mama Noah! Ugonile! Njoo utugongee!"

Mama Noah alikigonga, akakizungusha, akakigonga tena pande zote. Damari alisubiri kando.

"Kizima," alisema Mama Noah.

"Ndaga fijo," alishukuru Damari, na kwa mara ya kwanza alijua anachomshukuria.