Kiti Chenye Joto

Mto wa kiti ulikuwa na joto. Afisa ustawi wa jamii aliupapasa mara mbili, kisha akautazama mlango alioufungua sasa hivi kwa ufunguo wake.

Chumba hicho nyuma ya ofisi kilikuwa cha maafisa kupumulia. Aliyerudi kutoka nyumba zenye watoto walioumizwa aliingia peke yake, akakaa mkabala na kiti kitupu na kukisimulia yote, asije akayabeba hadi kwake. Akimaliza, sharti akigeuze kitazame ukuta. Jana, kwa uchovu, afisa huyu alisahau.

"Nani aliingia humu?" alimuuliza mtunza mafaili, mzee waliyemwita Babu Karatasi.

"Ufunguo unao wewe, mwanangu. Au unanitafutia kesi na mimi?" Mzee alicheka, kisha sauti ikashuka. "Jana ulikigeuza?"

"Nilikigeuza."

"Afadhali. Anayesikiliza humo akiachwa anatazama mlango, humfuata mtu."

Afisa alimtazama kwa jicho la pembeni. Kumbe ndiye anayetega sikio mlangoni, aliwaza. Akajifungia chumbani, akaanza kusimulia habari za mtoto wa asubuhi, aliyechomwa kwa pasi, na kadiri alivyosimulia harufu ya nywele zilizoungua ilizidi, na mto ulio mbele yake ukabonyea polepole, kama mtu mzito anavyojiweka sawa ili asipitwe na neno, naye akataka kunyamaza lakini ulimi ukaendelea wenyewe, ukamwaga na yale ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

Alitoka mwepesi mno. Alipofungua faili la mtoto yule, lilimsomekea kama risiti ya duka.

Jioni alimkuta binti yake wa miaka sita ameanguka, goti linavuja damu, analia. Alimtazama kama mtu atazamaye mvua kupitia dirisha. Hapo ndipo alipotambua kilichochukuliwa. Akaenda jikoni kuleta maji, akijilazimisha kuharakisha.

Aliporudi, kilio kimekoma. Binti ameketi mkabala na kiti cha mezani, ananong'ona.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mgeni wako, mama. Anasema wewe umeisha, nimsimulie mimi."

Afisa aligusa mto wa kiti hicho. Ulikuwa na joto. Akasimama hapo, bakuli la maji mkononi, akingoja kuogopa.

Hofu haikuja.