Marahaba Niliyoikata

Nina umri wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Mkwiro. Nimesomea kurekodi na kuhariri video katika chuo kimoja huku Ukunda. Cheti ninacho... lakini kila nikikitazama natamani kukichana!

Aliyenilea ni mama mkubwa, dada yake mama, Bi Mwanamisi, msusi wa mikeka. Nilipoingia chuoni sikujua hata kushika kamera. Muhula wa kwanza picha zangu zilitikisika mpaka wenzangu wakaniuliza kama nilirekodi nikiwa juu ya bodaboda. Sauti nayo ilikuwa upepo mtupu. Nikajikaza! Muhula wa pili picha ikatulia, sauti ikasafika. Wa tatu nikajifunza kuhariri, na hapo ndipo kiburi kiliponiingia.

Mwalimu wetu, mtu wa bara, alikuwa na neno moja tu. "Hapa hakuna stori, msee. Mtazamaji ashatoka. Kata!" Nami nikakata, nikasifiwa, kichwa kikavimba.

Kazi ya mwisho nilimrekodi mama mkubwa akisuka. Niliingia na kamera nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaweka chini ukili aliokuwa akiusuka. "Marahaba mwanangu. Mungu akukuze, akupe kheri. Wa huko hawajambo? Umekula?" Akaendelea vile dakika nzima! Nilipohariri niliibakiza shikamoo yangu, kwa kuwa picha ya mlangoni ilipendeza. Marahaba yake niliikata yote. Baada ya shikamoo, moja kwa moja mikono inasuka.

Nikaongoza darasa. Nikafuta picha zote za awali ili kadi ya kamera ipate nafasi, kisha nikaenda Mkwiro kujionyesha.

Majirani walijaa sebuleni kuitazama video. Shikamoo yangu ikasikika... halafu mikono. Jirani mmoja akacheka, "Ala! Bi Mwanamisi siku hizi haitikii salamu?"

Mama mkubwa akainama. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mbona umenifanya sina adabu mbele za watu? Nirudishie marahaba yangu."

Na mimi nilimjibu nini? Nilimwambia hajui mambo ya video! Mbele ya wageni wake! Mpaka leo najiuliza, ulimi ule niliutoa wapi?

Baadaye nilimwahidi kuirekebisha. Sikuthubutu kumwambia nimeifuta. Kila aliponipigia simu kuuliza, nilimjibu, "Bado kidogo, mama." Bado kidogo, bado kidogo... hadi akapatwa na kiharusi. Yu hai, alhamdulillahi, ila kauli imekwenda.

Nimeitafuta sauti ile kwenye simu, kwenye kompyuta, kwenye kadi. Haipo! Nimebaki na dakika nane za mikeka. Dua aliyoniombea niliitupa kwa mkono wangu, na nilikuwa nimeirekodi vizuri, bila upepo hata kidogo!

Wasomaji wenzangu mnaojifunza kazi hii, nawasihi. Kateni mnavyofundishwa, lakini msifute chochote kabla mliyemrekodi hajaitazama kazi yenu. Akilalamika, msimjibu kama nilivyomjibu mimi.

Juzi nilikwenda kumtazama. Nikapiga magoti kando ya kitanda, "Shikamoo mama." Midomo ikatetemeka, ikafunguka... hakikutoka kitu. Nikangoja. Nikangoja dakika nzima, ile ile niliyoiona ndefu.